Maji Mawili Katika Nyumba Moja

Somo la redio kwa watu wazima: Historia ya mambo ya nyumbani

Watu wengi wakisikia neno "historia" hufikiri habari za wafalme, vita na mikataba. Leo hatuendi vitani. Tutaingia jikoni na chooni, tutainama chini ya sinki, na tutatazama kipande kimoja cha bomba kilichopinda kama shingo ya bata. Kipande hicho kina historia yake, na mafunzo yake yamelipiwa kwa maisha ya watu.

Somo hili limekusudiwa hasa wewe mwenye nyumba unayependa kutengeneza vitu vyako kwa mkono wako mwenyewe. Kufanya hivyo si vibaya. Fundi bomba hapatikani kila siku, na ujira wake si mdogo. Tena mtu huona raha anapofungua koki aliyoifunga mwenyewe, na maji yakatoka. Lakini kazi za nyumbani hazifanani. Ukipaka ukuta rangi vibaya, hasara yake ni ya macho tu. Ukiunganisha bomba vibaya, huenda akaugua mtu asiyejua lolote: mtoto wako, mpangaji wako, au jirani anayekaa orofa ya chini. Kwa hiyo, kabla hujashika spana, ni vizuri ujue bomba lile lilifikaje pale na lina kazi gani.

Neno kubwa la somo letu ni hili. Katika kila nyumba yenye mabomba mna maji mawili. Kuna maji yanayoingia, nayo ni safi. Na kuna maji yanayotoka, nayo ni machafu. Werevu wote wa kazi ya mabomba ni kuyafanya maji haya mawili yakae nyumba moja bila kukutana. Basi shika neno hilo, tukaanze safari yetu.

KISIMA NA SHIMO

Tuanzie kwetu. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawakungoja kufundishwa na wageni namna ya kujenga choo. Karibu na Malindi, katika Kenya, yapo magofu ya mji wa Gedi, ulioachwa na wenyewe kufikia karne ya 17. Bwana James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948. Mle katika nyumba za mawe zilionekana vyoo vya shimo vilivyojengwa ndani, na visima vya maji. Yaani zamani zile, mwenye nyumba wa Gedi alikuwa amekwisha kulifikiria jambo letu la leo: maji safi yatoke huku, na machafu yaende kule.

Lakini kisima na shimo vyote viwili vimo ndani ya ardhi ileile. Nyumba zikiwa chache, ardhi huweza kuyachuja maji machafu kabla hayajafika mbali. Nyumba zikisongamana, mashimo huongezeka, na kila shimo husogelea kisima cha mtu. Hapo hatari huanza, wala haionekani kwa macho, maana maji yanaweza kuwa meupe, baridi na matamu, na huku yamebeba vijidudu vya maradhi.

Mji wa Unguja uliionja hatari hiyo. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia na kuua maelfu ya watu. Daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi pale, James Christie, aliandika kitabu kizima juu ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, kikatolewa mwaka 1876. Seyyid Barghash alishika utawala mwaka 1870, wakati msiba ule ulikuwa bado mbichi. Katika utawala wake, uliodumu hata mwaka 1888, aliyaleta mjini maji ya chemchemi kwa mabomba kutoka nje ya mji. Hilo lilikuwa tendo kubwa kupita majumba aliyoyajenga, ingawa wageni wanaotembelea Unguja hupiga picha majumba tu.

Sasa fikiri kidogo. Maji yakichotwa kisimani kwa ndoo, mtu hutumia kwa kiasi, maana mkono huchoka. Yakija kwa bomba, hutumia mengi. Na yote yanayoingia lazima yatoke. Mji ukishafungua mlango wa maji kuingia, ni lazima ufungue na mlango wa kutokea. Mji wa London ulijifunza jambo hilo kwa taabu nyingi, na huko ndiko tunakokwenda sasa.

FUNDI WA SAA NA PINDO LA BOMBA

Mwaka 1596 bwana mmoja wa Uingereza, Sir John Harington, aliandika habari za choo alichokibuni cha kuvuta maji. Uchafu ulisukumwa na maji ya tangi ukaenda zake shimoni. Choo kile kilikuwa na kasoro moja kubwa. Bomba lililoupeleka uchafu shimoni lilirudisha chumbani uvundo wa shimo. Mwenye choo alikuwa kama mtu aliyejengewa dirisha la kutazama jaani. Haishangazi basi kwamba kwa muda mrefu watu hawakukitamani.

Miaka 179 ikapita. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi wa saa kutoka Scotland aliyefanya kazi London, alipata hati ya ubunifu kwa choo chake kipya. Katika choo kile bomba la kutokea halikushuka moja kwa moja. Lilishuka, likapinda kwenda juu, kisha likashuka tena, kama herufi S. Kila uvutapo maji, maji kidogo hubaki katika lile pindo. Maji hayo yaliyobaki ndiyo mlango. Uchafu waweza kupita kwenda nje, kwa sababu unasukumwa na maji mengi; lakini hewa ya shimoni haiwezi kurudi ndani, kwa sababu imezuiwa na yale maji yaliyotulia.

Ebu tazama jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo. Halina chuma kinachozunguka, wala ufunguo, wala kitu cha kutiwa mafuta. Ni kikombe cha maji ndani ya bomba lililopinda. Choo chako cha leo kinalo pindo hilo, na sinki lako la jikoni linalo, na tundu la kutolea maji katika sakafu ya bafu lako, kama lilijengwa sawasawa, linalo vilevile. Katika somo hili tutaliita pindo.

NYUMBA MOJA KATIKA BROAD STREET

Pindo lilizuia uvundo usiingie nyumbani. Lakini uchafu wenyewe ulikwenda wapi? Katika London nyumba nyingi zilikuwa na shimo la uchafu lililojengwa kwa matofali, ama chini ya sakafu, ama mbele ya mlango. Tangu mwaka 1815 wenye nyumba waliruhusiwa kuunganisha mabomba yao na mitaro mikubwa ya mji, ambayo hapo kwanza ilikuwa ya maji ya mvua. Mitaro hiyo ilimwagika katika mto Thames, na kampuni za maji zilichota katika mto huohuo. Hivyo maji mawili yakakutana mtoni.

Pengine yalikutana karibu zaidi. Mwishoni mwa mwezi wa Agosti, 1854, kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho, kandokando ya njia iitwayo Broad Street. Katika siku kumi walikufa watu zaidi ya 500. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya, yaani uvundo wenyewe. Daktari John Snow hakukubali. Aliuliza nyumba kwa nyumba: waliokufa walikunywa maji gani? Akaona wengi wao walikunywa maji ya bomba la mkono lililokuwa Broad Street. Tarehe 8 Septemba wakubwa wa mtaa wakauondoa mkono wa bomba lile.

Yeye Snow alisema kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua kabla ya hapo, kwa kuwa watu wengi walikuwa wameukimbia mtaa. Lakini sikiliza yaliyogunduliwa baadaye. Kasisi wa mtaa ule, Henry Whitehead, aliendelea kuuliza. Akapata habari za mtoto mchanga wa nyumba nambari 40, aliyeharisha siku chache kabla ya msiba kuanza. Mama yake alifua nguo zake, na maji ya kufulia akayamwaga katika shimo lililokuwa mbele ya nyumba.

Mwaka 1855 shimo lile likafunguliwa. Matofali yake na ya mtaro wake yalikuwa yamelegea, na maji yalikuwa yakipenya. Kutoka shimo lile mpaka kisima cha bomba hapakutimia hata futi tatu. Tena siku ileile mkono wa bomba ulipoondolewa, baba wa mtoto yule naye alishikwa na kipindupindu. Kama bomba lingekuwa linafanya kazi bado, huenda maji ya ugonjwa yangeingia kisimani mara ya pili.

Ndugu mwenye nyumba, litazame jambo hili vizuri. Kilichoanzisha msiba ule hakikuwa vita wala njaa. Mama alimtunza mwanawe kama mama yeyote. Matofali yaliyolegea ndiyo yaliyoua. Ulikuwa mtaro wa nyumba moja ambao haukutengenezwa kwa wakati wake.

MWANA WA MFALME AUGUA

Katika kiangazi cha 1858 joto lilikuwa kali, na mto Thames ukanuka mno hata wabunge katika jumba lao kando ya mto hawakuweza kuvumilia. Mapazia ya bunge yalilowekwa dawa ya chokaa ili kuukata uvundo. Mwaka uleule sheria ikapitishwa, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha ajenge mitaro mikubwa ya kuupeleka uchafu mbali chini ya mji. Mitaro mikuu peke yake ilipata urefu wa maili 82. Tarehe 4 Aprili, 1865, Edward, mwana wa Malkia Victoria, alikifungua kituo cha Crossness, ambacho mitambo yake ilikuwa ya kuyavuta maji machafu.

Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi. Kiliua zaidi ya watu 5,000, wengi wao wa upande wa mashariki wa mji, mahali ambapo kazi ya mitaro ilikuwa haijaisha na maji ya kunywa hayakuwa yamechujwa. Katika sehemu nyingine za mji, vifo vilikuwa vichache. Watu wakaanza kuamini.

Lakini mtaro wa serikali hukoma mlangoni pako. Toka mlangoni kuingia ndani, kazi ni ya mwenye nyumba. Mwaka 1871 Edward yuleyule aliyefungua kituo cha Crossness alikwenda kukaa katika nyumba ya fahari katika mji wa Scarborough. Aliporudi alishikwa na homa ya matumbo, akawa karibu na kufa. Mgeni mwenzake, mtu wa cheo, alikufa, na mtumishi wake wa farasi naye akafa. Lawama zote zikaangukia mabomba ya maji machafu ya nyumba ile. Ndipo watu wakatambua kwamba fahari ya zulia haizuii ubovu wa bomba lililo chini yake.

Tangu hapo wenye nyumba wa Uingereza walianza kuyachungulia mabomba yao. Daktari mmoja wa upasuaji wa mji wa Leeds, Thomas Pridgin Teale, alitoa kitabu cha picha mwaka 1878, kumwonyesha mwenye nyumba makosa ya mabomba anayoweza kuyatafuta nyumbani mwake. Jaribio moja lililopendwa siku zile lilikuwa la mafuta ya mnanaa. Mtu mmoja alimwaga mafuta hayo pamoja na maji ya moto katika bomba la juu, mwingine akangojea ndani ya vyumba na kunusa. Akisikia harufu ya mnanaa chumbani, alijua kwamba mahali fulani pana ufa, au pindo halina maji.

Tusiwacheke watu wale kwa kuogopa harufu. Ni kweli walikosea. Harufu siyo ugonjwa. Homa ya matumbo na kipindupindu huletwa na vijidudu vinavyoingia kwa maji na chakula. Lakini katika woga wao mlikuwa na busara moja: harufu inapopita, pana njia. Na palipo na njia, huwezi kujua ni kitu gani kingine kitakachopita siku nyingine. Neno hili tutalikuta tena mbele.

PINDO LINAVYOPOTEZA MAJI YAKE

Mafundi wa siku zile waligundua pia kwamba pindo peke yake halitoshi. Labda umepata kusikia sinki likiguguma, "glu, glu, glu", wakati choo kinapovutwa. Sauti hiyo ina maana. Maji mengi yakishuka kwa nguvu katika bomba kubwa, huvuta hewa nyuma yake. Kama hewa haina mahali pengine pa kuingilia, maji yale huyafyonza na maji yaliyo katika pindo la sinki. Pindo hubaki tupu, na mlango ukawa wazi.

Dawa yake ni bomba la kupumulia: bomba linalosimama toka kwenye bomba kubwa mpaka juu ya paa, na mdomo wake wazi. Hewa huingia kwa huko, na pindo hubaki na maji yake. Wako watu waonao bomba hilo limesimama juu ya paa halina kazi, wakaliziba au kulikata wanapobadili mabati. Wamekata pumzi ya nyumba nzima.

Njia ya pili ya pindo kupoteza maji ni nyepesi zaidi: hukauka. Bafu la wageni lisilotumiwa, au tundu la sakafuni lisilomwagiwa maji, baada ya siku nyingi maji yake huenda na hewa. Hakuna kilichovunjika, hakuna kinachovuja. Lakini mlinzi ameondoka.

CHICAGO, 1933: MAJI YALIPORUDI NYUMA

Tumesema habari za maji machafu. Sasa tutazame hatari iliyo upande wa maji safi, nayo tutaiona Marekani.

Mwaka 1933 mji wa Chicago ulifanya maonyesho makubwa ya dunia, na wageni wakamiminika kutoka kila upande. Baadaye, watu wakaanza kuugua kuhara damu kunakoletwa na kijidudu kiitwacho amiba. Wengi waliugua wakiwa wamekwisha kurudi makwao, maili nyingi kutoka Chicago, kwa hiyo ilikuwa vigumu kujua chanzo. Walipoulizwa walilala wapi, majibu yakaelekea hoteli mbili zilizokuwa jirani. Hesabu ikafika wagonjwa 1,409, na waliokufa 98.

Mabomba ya hoteli zile yalichunguzwa. Ilionekana yamezeeka na kuvuja, na tena palikuwa na mahali ambapo bomba la maji safi na la maji machafu viliunganishwa hata maji ya huku yaliweza kuingia kule. Msiba huo uliwafanya wahandisi na watunga sheria wa Marekani kuyatazama upya mabomba ya majengo yao.

Labda utauliza: maji safi yana nguvu katika bomba, maji machafu yatayaingiaje? Jibu ni kwamba nguvu ile haipo sikuzote. Tuseme umetia ncha ya mpira wa bustani ndani ya pipa la maji ya kufulia, koki umeiacha wazi, nawe umeingia ndani. Mara maji ya mji yakakatika, au bomba kubwa likapasuka huko bondeni. Sasa bomba halisukumi tena, linafyonza. Maji ya sabuni na uchafu hupanda katika mpira na kuingia katika bomba la maji ya kunywa. Maji yakirudi, wa kwanza kufungua koki, wewe au jirani yako, atakinga kikombe cha maji ya pipa lile. Katika miji yetu mingi, ambako maji hukatika na kurudi, jambo hili si hadithi ya mbali.

HONG KONG, 2003: TUNDU LILILOKAUKA

Habari ya mwisho ni ya karibu zaidi. Mwezi wa Machi, 2003, ugonjwa mpya wa mapafu ulioitwa SARS ulikuwa ukienea katika Asia. Huko Hong Kong palikuwa na majumba marefu ya kupanga yaitwayo Amoy Gardens, kila moja lina orofa 33. Mgeni mmoja mwenye ugonjwa huo, naye alikuwa akiharisha, alilala katika jumba la E na kutumia choo. Katika majuma machache watu 321 wa Amoy Gardens waliugua, na 42 wakafa. Wagonjwa walikuwa wengi zaidi katika jumba la E, hata serikali ikawahamisha wakazi wake.

Jambo la ajabu ni kwamba wengi wa wagonjwa hawakuwa wamekutana na mgeni yule. Idara ya Afya ya Hong Kong ilipochunguza ilitazama mabomba. Choo, beseni, bafu na tundu la sakafuni vyote vilimwagika katika bomba moja la kusimama, lililopita orofa zote. Kila tundu la sakafuni lilikuwa na pindo lake. Lakini watu walikuwa wakipangusa sakafu kwa kitambaa badala ya kuimwagia maji. Mapindo yakawa yamekauka. Kisha mtu akifunga mlango wa bafu na kuwasha feni ya kutoa hewa, feni ile ilivuta hewa kutoka katika bomba la maji machafu, pamoja na matone madogo sana yenye vijidudu.

Je, unaikumbuka ile harufu ya mnanaa? Njia ni ileile. Waingereza wa mwaka 1878 waliitafuta kwa pua. Watu wa Amoy Gardens walikaa miaka mingi na njia hiyo wazi bila madhara makubwa, mpaka siku kilipopita kitu kingine. Na kilichohitajika kuiziba hakikuwa saruji wala fedha. Kilikuwa kopo la maji.

BASI UFANYE NINI?

Historia isiyotufaa nyumbani ni mapambo tu. Kwa hiyo yashike mambo haya utakapotengeneza nyumba yako.

Kwanza, usiondoe pindo. Sinki likiziba, funga koki, weka ndoo chini, fungua pindo kwa mkono au kwa spana, litoe uchafu, lioshe, ulirudishe palepale. Usitie bomba la kunyooka badala yake kwa sababu ni rahisi. Ukimaliza mimina maji, kisha pitisha karatasi kavu kila mahali ulipounganisha. Karatasi ikilowa, kaza tena.

Pili, kila tundu la sakafuni lisilotumiwa limwagie nusu lita ya maji mara moja kwa juma. Kazi hii hata mtoto anaweza kupewa.

Tatu, usizibe bomba la kupumulia lililo juu ya paa. Sinki likiguguma, anza kutafuta huko.

Nne, mdomo wa koki au wa mpira usizame kamwe katika maji ya ndoo, pipa au tangi. Uache nafasi ya hewa kati ya mdomo wa koki na ukingo wa chombo. Hewa hiyo ndiyo ukuta kati ya maji mawili.

Tano, bomba la maji ya kunywa usililaze katika handaki moja na bomba la maji machafu. Na kama unatumia kisima, shimo la choo liwe mbali nacho. Washauri wa afya hutaja mita 30 kwa uchache, na shimo liwe upande wa chini wa mteremko.

Sita, zijue kazi zisizo zako. Kuunganisha na bomba kuu la mji ni kazi ya mwenye idhini. Na shimo la maji machafu usiingie ndani yake hata kwa dakika moja, ingawa mwenzako ameangukia humo. Hewa yake huua upesi, na mara nyingi humuua pia yule aliyeingia kuokoa. Ita msaada wa watu wenye vifaa.

Mabwana na mabibi, tumetoka Gedi tukafika Hong Kong. Maji ni yaleyale, na maumbile ya bomba hayakubadilika sana tangu fundi yule wa saa. Ziba ufa, usije ukajenga ukuta, wazee walisema. Na ufa wa bomba huvuja kwa jirani kabla hujauona wewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wenu, maji safi yanatoka wapi, na machafu yanakwenda wapi? Je, kuna mahali yanapokaribiana?

2. Kwa nini kuuondoa mkono wa bomba la Broad Street kulifaa, ingawa ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua?

3. Waingereza wa mwaka 1871 waliogopa harufu. Walikosea wapi, na walipata wapi?

4. Kila mmoja akirudi nyumbani, ahesabu matundu yote yanayotoa maji nje. Ni mangapi yana pindo? Ni mangapi yamekauka? Leteni hesabu hiyo katika mkutano ujao.

Kwaherini, na mwagieni matundu yenu maji.